Mazungumzo ya Jioni: Iliyo Mbali na Jua Haina Haraka



Mwezi huu nina deni la kulipa, nami nataka kulilipa mbele ya watu, maana nililikopa mbele ya watu. Mwaka jana, katika mwezi wa Septemba, siku zile ambazo ardhi ya Ujiji huwaka kama kikaango, na vumbi hulala juu ya majani ya michikichi hata yasionekane rangi yake, nalisimama mbele ya watoto wa darasa la sita nikawaambia hivi: "Siku hizi joto ni kali kwa kuwa dunia yetu imelikaribia jua." Watoto wakaandika. Nami nikarudi nyumbani nikala chakula changu pasipo wasiwasi.

Hata mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, binti mmoja wa darasa lile akaja nyumbani kwangu, kitabu kikiwa kimefungwa katika kanga kisilowe. Alipokwisha kuniamkia akasema, "Mwalimu, naomba radhi. Ulitufundisha ya kuwa dunia hulikaribia jua mwezi wa Septemba. Kitabu hiki cha kaka yangu chasema ya kuwa hulikaribia mwanzo wa Januari, na mwezi wa Julai ndipo huwa mbali. Tushike lipi?"

Nikakitwaa kitabu, nikasoma, nikaona ya kuwa nimekosa. Nami kabla sijajibu, akaleta la pili: "Tena, Mwalimu, kama jua lina nguvu ya kuivuta dunia, na sasa tumelikaribia, mbona hatuangukii ndani yake?"

Nikamwambia, "Mwanangu, rudi Jumamosi." Usiku ule usingizi haukuja upesi. Mwalimu kukosa si jambo geni. Ila kosa lililoandikwa katika madaftari ya watoto 40 halikai pale pale. Hukua pamoja nao, nao wakiwa walimu na wazazi huwapa watoto wao kama urithi. Basi nikatafuta vitabu, nikauliza walionipita kwa elimu, nikapiga hesabu kwa mkono wangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

JOTO LETU NA UMBALI WETU

Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, bali ni duara lililovutwa kidogo upande, na jua halikai katikati yake sawasawa. Kwa hiyo mwanzo wa Januari twawa mbali na jua kilomita milioni 147, na mwanzo wa Julai kilomita milioni 152. Tofauti ni milioni 5, nayo ni sehemu 1 tu katika 30. Kama tofauti hiyo ndiyo iletayo joto na baridi, basi watu wa Ulaya wangetafuta kivuli mwezi wa Januari. Kumbe ndio wakati wao wa theluji.

Sababu ya majira ni nyingine. Dunia husafiri ikiwa imeinama, kama pia izungukayo upande, kwa kadiri ya digrii 23 na nusu. Mara huelekeza upande wake wa kaskazini kwenye jua, mara upande wa kusini. Sisi wa Kigoma tuko kusini ya ikweta karibu digrii 5, na kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kila mwaka: siku za kwanza za Oktoba, na tena katika juma la pili la mwezi wa Machi. Joto la Septemba ni la jua linalokaribia utosi, tena mvua hazijaja kuipoza nchi. Umbali haukuhusika.

Mwalimu apendaye kuwaonyesha watoto na asimamishe fimbo iliyo wima uwanjani siku hizo, akione kivuli kikipotea chini yake. Lakini asingoje saa 6 mchana. Saa zetu hufuata nchi zilizo mashariki ya Kigoma, nasi tuko magharibi sana. Hapa jua hufika katikati ya mbingu yapata saa 7.

Je, kukaribia na kuwa mbali hakuna kazi yoyote? Kupo, tena kunaonekana katika kalenda iliyotundikwa ukutani kwako. Jua huvuka mstari wa ikweta likienda kaskazini tarehe 20 Machi hivi, na huvuka likirudi kusini tarehe 22 Septemba hivi. Hesabu siku. Toka Machi hata Septemba utapata 186. Toka Septemba hata Machi utapata 179. Kila kipande ni nusu ya mzunguko, lakini kimoja chapita kingine kwa siku 7! Sababu ni kwamba katika Julai, tukiwa mbali, dunia huenda kilomita 29 na sehemu kidogo kwa kila sekunde. Na katika Januari, tukiwa karibu, huenda kilomita 30 na zaidi. Dunia yenyewe, basi, huongeza mwendo ikilikaribia jua na hupunguza ikiliacha. Aliyelivumbua jambo hili ni Johannes Kepler, mtu wa Ujerumani, naye aliliandika katika kitabu mwaka 1609.

MBONA HATUANGUKI?

Sasa twende kwenye swali la pili la yule binti, maana ndilo kubwa.

Panda juu ya mwamba ulio kando ya ziwa, utupe jiwe mbele yako kwa upole. Litaanguka karibu na ukingo. Tupa jingine kwa nguvu. Litaanguka mbali zaidi. Sasa fikiri ya kuwa una mkono wa ajabu, ukatupa jiwe la tatu kwa nguvu isiyo na kifani, na hapana upepo wa kulizuia. Jiwe litaanguka, ndiyo, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, kila liangukapo, ardhi nayo huinama chini yake. Litazidi kuanguka wala halitafika chini. Litaizunguka dunia yote likurudie nyuma ya kisogo. Mfano wa namna hii ulitolewa na Isaac Newton wa Uingereza, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1687.

Vivyo hivyo dunia yetu huliangukia jua mchana na usiku, lakini wakati huo huo inakwenda kando kwa mbio kubwa, na kwa hiyo hulikosa daima. Kuvutwa peke yake kungetuingiza motoni. Mbio peke yake zingetupeleka gizani. Mambo hayo mawili yakipimana, hupatikana njia ya kuzunguka.

Lakini je, nguvu ya jua ni sawa mahali pote? La. Hapa wavuvi wetu watanisaidia. Usiku wa giza, ukisimama Kibirizi au pwani ya Ujiji, waona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji. Tufanye ya kuwa karabai moja iko pwani, hatua 10 mbele yako, nawe waweza kusoma kwa mwanga wake. Rudi nyuma hata hatua 20. Mtu atadhani mwanga umepungua nusu. Sivyo, umebaki robo. Rudi hata hatua 30. Umebaki sehemu 1 katika 9. Maana mwanga ukisafiri hutawanyika kwenda juu na chini, na pia kulia na kushoto: umbali ukiwa mara mbili, mwanga ule ule hufunika mahali palipo pakubwa mara nne.

Nguvu ya jua ya kuvuta hupungua kwa kanuni iyo hiyo. Sayari iliyo mbali mara mbili huvutwa kwa robo ya nguvu; iliyo mbali mara tatu, kwa sehemu ya tisa. Kwa hiyo sayari iliyo karibu na jua sharti iende upesi, maana yavutwa sana. Na iliyo mbali yapasa iende polepole, maana yavutwa kidogo. Kama Zohali, iliyo mbali, ingekwenda kwa mbio za Utaridi, iliyo karibu, jua lisingeweza kuizuia. Ingechopoka na kupotea katika giza la milele. Na kama Utaridi ingekwenda kwa mwendo wa Zohali, ingeporomoka kuelekea jua. Kila moja ina mwendo uipasao kwa mahali pake.

KANUNI YA KEPLER

Kepler hakutosheka na kusema "upesi" na "polepole". Alitaka hesabu. Alitafuta miaka mingi, akakosa mara nyingi, na katika kitabu cha mwaka 1619 akaitoa kanuni yake ya tatu. Nitaieleza kwa namna ambayo mtoto ajuaye kuzidisha ataishika.

Umbali wetu na jua, kilomita milioni 150 hivi, uite 1. Mwaka wetu nao uite 1. Twaa umbali wa sayari yoyote, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu. Kisha twaa mwaka wa sayari ile, uuzidishe kwa wenyewe mara mbili. Majibu yatalingana.

Tufanye kuna sayari iliyo mbali mara 4 kuliko sisi. 4 mara 4 mara 4 ni 64. Ni hesabu gani ikizidishwa kwa yenyewe huleta 64? Ni 8. Basi mwaka wa sayari hiyo ni miaka yetu 8. Angalieni sana hapa: njia yake ni ndefu mara 4, lakini huimaliza kwa muda wa mara 8. Maana yake ni kwamba mwendo wake ni nusu ya mwendo wetu. Aliye mbali ana mambo mawili ya kumchelewesha, yaani safari ndefu na hatua fupi.

Tujaribu kwa sayari ya kweli. Mshtarii iko mbali mara 5 na sehemu 2 za kumi. Zidisha mara tatu. Utapata karibu 141. Mwaka wake ni miaka yetu 11 na siku 314 hivi, yaani karibu 11 na sehemu 9 za kumi. Zidisha kwa yenyewe. Utapata tena karibu 141. Nilipopata jibu hilo mezani pangu, kwa kalamu ya risasi na mwanga wa taa, nalifurahi kama mtu aliyepata sarafu iliyopotea.

TUTEMBEE TOKA UJIJI

Hesabu hizi za milioni huchosha akili. Basi na tuzishushe katika nchi yetu. Tuliweke jua pale Ujiji, kwenye nguzo ya ukumbusho wa Livingstone, mahali panapokumbukwa kukutana kwake na Stanley mwaka 1871. Tushike njia ya Kigoma, na kila hatua moja ndefu ya mtu mzima, yaani mita 1, iwe kilomita milioni 1.

Kwa kipimo hicho jua ni tufe lenye upana wa mita 1 na sentimita 39, kama kimo cha mtoto wa miaka 10.

Hatua 58: hapo ni Utaridi. Huenda kilomita 47 kwa sekunde, na mwaka wake ni siku 88.

Hatua 108: hapo ni Zuhura. Kilomita 35 kwa sekunde, na mwaka wa siku 225.

Hatua 150: hapo ni sisi. Dunia yote, na Ziwa Tanganyika ndani yake, ni kama kokwa ndogo ya chikichi. Kilomita 30 kwa sekunde, siku 365 na robo.

Hatua 228: Mirihi. Kilomita 24 kwa sekunde, siku 687.

Hatua 778: Mshtarii, kubwa kama balungi. Kilomita 13 kwa sekunde, na mwaka wa miaka yetu karibu 12.

Hatua 1,430: Zohali. Kilomita kama 10 kwa sekunde, miaka 29 na nusu. Mzee wa miaka 59 amezaliwa, amekua na kupata wajukuu, naye Zohali imezunguka mara mbili tu.

Hatua 2,870: Urano, ambayo William Herschel aliiona kwa darubini mwaka 1781. Kilomita karibu 7 kwa sekunde, miaka 84.

Hatua 4,500: Neptuni, na hata hapo hujafika Kigoma mjini. Kilomita 5 na kidogo kwa sekunde, miaka karibu 165. Iligunduliwa mwaka 1846, nayo ilimaliza mzunguko wake wa kwanza tangu kuonwa mwaka 2011. Hapana mwanadamu hata mmoja aliyekuwako mwanzo wa mzunguko ule akauona mwisho wake.

Walimu wenye vitabu vya zamani wataona humo sayari 9. Ya tisa ni Pluto, iliyoonwa mwaka 1930. Tangu mwaka 2006 wenye elimu ya falaki hawaihesabu tena pamoja na sayari kubwa, ila ni miongoni mwa sayari ndogo. Nayo pia hutii kanuni ile ile. Iko mbali sana, na mwaka wake ni miaka yetu 248.

Mkiwapeleka watoto katika matembezi haya, wapeni kila mmoja jina la sayari, na yule wa Utaridi akimbie, na yule wa Zohali atambae. Hawatasahau.

NYOTA YA JIONI NA NYOTA YA ALFAJIRI

Marehemu mama yangu aliamini ya kuwa nyota ing'aayo jioni juu ya milima ya Kongo, na nyota ing'aayo alfajiri juu ya vilima vya Uha, ni nyota mbili. Wengi waliamini hivyo, nami siwacheki, maana haziji pamoja kamwe. Kwa kweli ni moja, tena si nyota, ni Zuhura. Kwa kuwa njia yake iko ndani ya njia yetu, haiwezi kuonekana mbali na jua. Mwisho wake ni digrii 47. Ndiyo sababu huioni utosini usiku wa manane. Mirihi na Mshtarii na Zohali zaweza kuonekana saa hiyo, maana njia zao ziko nje ya yetu.

Zuhura ikiwa karibu na jua hukimbia kuliko sisi, na kila siku 584 hutufikia na kutupita, kama mtumbwi wa haraka uzungukao ndani ya mwingine ulio mzito. Ikitupita mara tano, siku ni 2,920, nazo ni sawa na miaka yetu 8. Kwa hiyo ukiiona Zuhura leo mahali fulani juu ya ziwa, baada ya miaka 8 utaiona karibu pale pale, kwa tarehe iliyo karibu na ile ile.

Safari chache Zuhura hutupita ikiwa katikati kabisa yetu na jua, hata huonekana kama doa jeusi likivuka uso wa jua. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu, Jumanne tarehe 8 Juni, 2004, nikiwa kijana. Mwalimu wetu alisimamisha darubini ya macho mawili, akaacha nuru ya jua ipite ndani yake na kuanguka juu ya karatasi nyeupe. Nasi tukaitazama karatasi, wala hatukulitazama jua. (Nawasihi wazazi, mtu asilitazame jua kwa macho, wala kwa darubini, hata kwa kufumba na kufumbua, ni kuyaua macho.) Doa lile dogo lilitambaa toka saa 2 asubuhi hata saa 8 na nusu mchana. Hata miaka 8 ilipotimia, asubuhi ya tarehe 6 Juni, 2012, likaonekana tena, jua lilipokuwa likichomoza likiwa nalo usoni. Sasa halitarudi mpaka Desemba mwaka 2117, na sisi sote tusomao hapa tutakuwa tumelala.

Doa lile ndilo lililowapa watu kipimo cha umbali wa jua. Kepler alijua ulinganifu tu, kama mtu ajuaye ya kuwa njia ya Kasulu ni ndefu mara nyingi kuliko njia ya Ujiji, lakini hajui hatua zenyewe ni ngapi. Mwaka 1716 Edmond Halley wa Uingereza akashauri watu wakae mahali pengi palipo mbalimbali duniani, kila mmoja apime saa za doa lile kuvuka jua. Maana watu waliotengana huliona likipita njia zisizo sawa, na kwa tofauti hiyo umbali hupatikana. Halley alikufa kabla ya siku yenyewe, lakini mwaka 1761 na mwaka 1769 watu walisafiri bahari zote kuitimiza shauri lake. Nahodha James Cook alipima katika kisiwa cha Tahiti. Mwanzilishi alipanda, wengine wakavuna.

USHAHIDI ULIO JUU YA MABATI YAKO

Jumamosi yule binti alikuja, na baba yake akaja pamoja naye. Baba huyu ni mvuvi wa dagaa tangu ujana, tena ni mkubwa wangu kwa miaka. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikaeleza haya yote. Alipokwisha kusikia akasema, "Mwalimu, maneno ni mazuri. Lakini hizo sayari sitazifikia kuzipima. Sisi wavuvi huamini kamba iliyoshikwa mkononi. Huna ushahidi ulio karibu?"

Nikamwambia, "Baba, tutoke nje." Nikamwonyesha dishi la televisheni juu ya nyumba ya jirani. Nikamwuliza, "Umewahi kuona likigeuzwa geuzwa kufuata kitu mbinguni?" Akasema, "La, fundi hulifunga mara moja tu." Nikamwambia, "Hata hivyo, chombo kilicho angani ambacho dishi lile hukitazama hakikusimama. Kinaizunguka dunia. Waliokipeleka walichagua umbali wa kilomita kama 42,000 toka moyo wa dunia, kwa kuwa katika umbali huo mzunguko mmoja ni siku moja kamili. Nayo dunia hujigeuza mara moja kwa siku; basi vyaenda sawasawa, na chombo chaonekana kimetulia. Kingewekwa karibu zaidi, kingekimbia. Kingewekwa mbali zaidi, kingebaki nyuma."

Binti akatazama juu, mwezi ulikuwa umekwisha kutoka. Akauliza, "Na mwezi, Mwalimu? Nao huifuata kanuni?"

Tukakaa chini, tukapiga hesabu mavumbini. Mwezi uko mbali kilomita 384,000, yaani zaidi kidogo ya mara 9 ya umbali wa chombo kile. 9 mara 9 mara 9 ni 729. Ni hesabu gani ikizidishwa kwa yenyewe huleta 729? Ni 27. Basi mwezi ungepaswa kutuzunguka kwa siku 27 na zaidi kidogo.

Mzee akatikisa kichwa. "Mwalimu, hapo umekosa. Mwezi hautimizi siku 27. Toka mwandamo hata mwandamo ni 29, au 30. Hizo twazihesabu kila mwezi, maana mbalamwezi ikijaa dagaa hawafuati taa, nasi hulaza mitumbwi."

Nikafurahi kuwa ameuliza, kwa kuwa mimi pia nilikwama hapo siku mbili kabla. Mwezi huzirudia nyota zile zile kwa siku 27 na saa 8 hivi, sawa na hesabu yetu. Lakini muda huo dunia nayo imekwisha kusogea katika njia yake ya kulizunguka jua, na jua laonekana limehama penye nyota. Mwezi sharti ukimbie siku nyingine 2 na zaidi kulifikia, ndipo mwandamo uwe. Hesabu ya wavuvi ni kweli, na hesabu ya Kepler ni kweli. Moja hupima kwa jua, nyingine hupima kwa nyota.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akamwambia binti yake, "Andika hiyo." Nami niliona hiyo ni heshima kubwa kuliko sifa.

DENI LIMELIPWA

Jumatatu nikasimama tena mbele ya darasa. Nikasema, "Watoto, fungueni madaftari yenu ya mwezi wa Septemba. Neno nililowaandikisha kuhusu joto ni kosa. Likateni kwa mstari, mwandike la kweli chini yake." Nikawaeleza. Sikutaja jina la aliyenisahihisha, kwa kuwa aliniomba nisimtaje. Lakini wengi walijua, naye aliinamisha uso.

Ndipo kijana mmoja wa kiti cha nyuma akanyosha mkono akasema, "Je, Mwalimu, na mengine uliyotufundisha?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Nikamjibu, "Mengine nayo yapimeni. Mkiyaona yamepotoka, njoni nyumbani kwangu kama alivyokuja mwenzenu." Tangu siku ile wamekwisha kuja mara tatu. Mara mbili wao ndio waliokosa, na mara moja mimi.

Wazazi wapenzi, mtoto akikuletea swali linalokuzidi, usimfukuze kwa ukali ili kuificha aibu. Mwenyezi Mungu alitupa akili zipate kutumika, wala hakusema za watoto zingoje mpaka wazazi wamekwisha kuelewa. Mwambieni, "Rudi Jumamosi," kisha mtafute kweli kabla Jumamosi haijafika.

Na sasa, kwa nyumba zote zisomazo, nawapa kazi ndogo ya mwezi huu. Jioni yoyote mbingu ikiwa safi, jua likiisha kutua nyuma ya milima ya Kongo, tafuteni Zuhura juu ya ziwa. Kama haipo, amkeni kabla ya mapambazuko mkaitafute upande wa mashariki. Mkiiona, andikeni tarehe na mahali ilipo, katika jalada la ndani la kitabu kisichopotea nyumbani. Hesabuni miaka 8, mwaandike watoto wenu jina la mwaka huo. Wakati huo wakubwa kati yao watakuwa na nyumba zao. Nao watatoka nje jioni ile, wataiona imerudi, na watajua ya kuwa mliwaambia kweli.

Wasalaam.
Ni mimi, Mwalimu wenu wa Mazungumzo ya Jioni, Ujiji.